Nguvu Haikai Koponi

Kijana afanyaye mazoezi hapa Gisenyi asidhani kwamba nguvu hukaa katika kopo la unga wa protini. Ziwa Kivu limetujalia sambaza, samaki wadogo waliotolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakiliwa wazima pamoja na mifupa, hutoa protini na madini ya kalisi. Maharagwe na viazi vitamu hukamilisha sahani. Mwaka 2004 watafiti wa Köln, Ujerumani, walitangaza kuwa kati ya virutubisho 634 walivyovipima, 94 vilikuwa na viasili vya homoni visivyotajwa kwenye kibandiko. Mwanamichezo akipimwa, hujibu mwenyewe. Vidonge vinamfaa aliyeelekezwa na daktari; wengine tuinjike chungu.