Mtoto wa Bata Aliyebaki Peke Yake

Juma hili tunazungumza juu ya mtoto wa bata, yule aliyebaki bila mama na bila ndugu. Wengi wetu tunafuga bata katika parseli zetu, na msimu wa mvua jambo hili hutupata.

Kwetu lilitokea hivi. Bata wetu aliatamia mayai 9. Bata hawa wa kwetu huatamia siku 35, wakati kuku ni 21 tu. Siku zikiwa karibu kutimia, mvua iliingia ndani ya kiota, mama bata akakiacha. Yai moja tu ndilo lililopasuka. Binti yetu wa miaka 8 alimtia yule mtoto wa bata ndani ya triko yake, na tangu hapo bata akamshika kuwa mama yake.

Ndivyo walivyoumbwa. Mtoto wa bata, katika saa zake za kwanza, hushika sura ya yule anayemwona akitembea mbele yake, akamfuata kila mahali. Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alilichunguza sana jambo hilo kwa bata bukini.

Basi binti akitoka tu, bata analia kwa nguvu na kukataa chakula. Siku ya nne tulipashwa habari kwamba binti ametoroka shuleni wakati wa mapumziko ili aje kumwona. Sisi tunaofundisha watoto wa wengine tukaona haya.

Haya ndiyo tuliyofanya.

Joto. Juma la kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Bukavu ni baridi. Tulimweka ndani ya katoni pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Akitetemeka na kulia, ana baridi; akihema mdomo wazi, joto limezidi. Mbabula ya makala msiiweke chumba mnamolala: hewa yake mbaya haionekani, nayo inaua watu.

Chakula. Unga wa mahindi peke yake hudhoofisha miguu yake, kwa sababu bata huhitaji vitamini ya niasini kuliko kifaranga cha kuku. Changanyeni na ndagala zilizosagwa, pumba laini na lengalenga iliyokatwakatwa. Karanga zenye ukungu hapana kabisa. Sumu yake huua watoto wa bata upesi.

Maji. Chombo kimruhusu kuzamisha mdomo na pua, lakini asiweze kuingia mwili mzima. Manyoya ya asiye na mama hulowa haraka, na baridi itamuua. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika.

Wenzake. Kioo kidogo ndani ya katoni kilimtuliza, lakini kioo hakimpashi mtu joto. Tukamwendea jirani ambaye bata wake aliangua juma lilelile. Tukampa jogoo tuliyemweka kwa sikukuu, naye akatupa watoto wawili. Mchana wetu aliwakimbia. Usiku tukawalaza pamoja, na asubuhi tukawakuta wamelaliana migongoni.

Siku ya tatu binti alipita uani, bata hakumfuata. Akalia: «Mama, amenisahau.» Tukamwambia: «Amepata wenzake, na wewe wako wanakungoja shuleni.» Hakutuelewa siku hiyo. Kesho yake alikwenda shuleni, na aliporudi akawakatia wote watatu lengalenga.

Wamama, mwenye mtoto mmoja wa bata asingoje. Amtafutie wenzake ndani ya juma la kwanza. Wakikosekana, vifaranga wa kuku wa umri wake wanafaa, mradi mbadilishe matandiko kila siku, kwa maana bata humwaga maji na kuku wataona baridi. Tuonane juma lijalo.