FUNDI WA RANGI AKIWA TAJIRI



Wenzetu kadhaa wapaka rangi wameacha kazi ya mshahara ili waanze kazi yao wenyewe ya kupaka nyumba. Hatuwalaumu. Mtu aliyeshika brashi miaka mingi astahili kula jasho lake.

Lakini twaona kosa moja. Ili apewe kazi, fundi hutaja bei ya chini mno. Hukumbuka rangi, brashi na nauli, lakini husahau siku za kukwangua rangi kuukuu, kuziba nyufa na kupiga msasa. Pesa zikipungua, anayekatwa ni kibarua aliye juu ya ngazi. Jana fundi huyo alinung'unika pamoja nasi juu ya mshahara mdogo. Leo yeye ndiye autoaye.

Ndugu, pima kuta kwanza. Hesabu kila siku ya kazi na ujira wa kila mtu, ndipo useme bei. Mapatano yaandikwe. Tena sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya ajali kazini yamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Aangukaye kutoka ngazini huvunjika vile vile, tajiri awe mkubwa au mdogo.

Kazi isiyoweza kulipa ujira wa haki, heri uikatae.