Uwanja wa Ndege wa Tabora uitwe Wapagazi

Basi bwana, juzi chumba chetu cha habari kiligeuka kijiwe. Kwenye ukurasa wa kesho yake kulikuwa na picha ya uwanja wa ndege wa Tabora, na jamaa mmoja wa dawati la michezo akauliza: hivi huu uwanja unaitwaje? Nikamjibu, unaitwa Tabora. Akacheka. Dar wana Julius Nyerere, Zanzibar wana Abeid Amani Karume, Mbeya wana Songwe, nyie mmebaki na Tabora tu!

Ubishi ukaanza hapo. Mmoja akataka uitwe Mirambo. Mwingine akasema hapana, Isike, kwa sababu mwaka 1893 alijilipua na baruti ndani ya ngome yake kuliko kushikwa hai na Wajerumani. Wa tatu, ambaye siku hizi anajipendekeza sana kwa wakubwa, akataja mwanasiasa aliye hai. Huyo simjibu.

Mimi nikasema uitwe Uwanja wa Ndege wa Wapagazi.

Kicheko kililipuka mpaka mhariri akatoka ofisini kwake. "Unataka mgeni ashuke kwenye ndege akutane na bango la makuli?"

Ndiyo mzee, ndicho ninachotaka. Na kicheko chenyewe ndicho kilichonifanya niandike haya.

Wadau, kabla reli ya Mjerumani haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila kitu kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, au kilichorudi kutoka huko, kilipita Tabora kikiwa kichwani au begani mwa mtu. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga, baruti. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, na juu yake aongeze mkeka wake na chakula chake. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Stanley mwaka 1871 alitumia kama miezi mitatu, akajiona bingwa. Leo ndege inatoka Dar na kutua Tabora kabla saa mbili hazijaisha, na ukizidisha kilo 23 unalipia.

Twendeni Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Kuna makumbusho pale, nyumba ya tembe. Ya nani? Ya Livingstone. Sawa, aliishi pale, sina ugomvi. Lakini Livingstone alipita pale mara nyingine akiwa maiti. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakakausha mwili, wakaufunga kama mtumba na kuubeba kwa miguu. Walipofika Kwihara, Oktoba mwaka ule, Mwingereza mwenzake, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Wakambeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Akazikwa Westminster Abbey kwa heshima zote. Susi na Chuma, walioongoza kazi hiyo, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Wengi wa wenzao walilipwa ujira pwani wakaambiwa waende zao.

Jamaa wa michezo akanipiga swali ambalo halikuwa la utani: misafara ile si ndiyo iliyopeleka watumwa pwani? Ndiyo. Na wapo Wanyamwezi waliouza watu na kutajirika, sitaki kuwasafisha. Lakini tusichanganye madaftari. Mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru, anafanya kazi ya ujira. Aliafikiana bei kabla ya kunyanyua mzigo, akalipwa kwa vitambaa, kile cha merikani kikiwemo. Alidai posho yake, na akipunjwa, alitua mzigo chini na msafara ukasimama, au usiku alitoroka. Mbele alikuwapo kirangozi wao, na mwendo aliupima yeye. Stanley alikuja na viboko vyake na bado alilalamika kuhusu watoro. Huyo mtu mnayemcheka alijua mgomo kabla sisi waandishi hatujajua hata kudai malipo ya nauli.

(Na nyie watoto wa mjini mnaosema fulani "yuko Unyamwezini" mkiwa na maana ya Marekani, kumbukeni kuna Unyamwezi halisi, na watu wake walisafiri ng'ambo kabla ya viza.)

Mirambo? Namheshimu, lakini mwaka 1871 ndiye aliyeifunga njia hii kwa vita, na tayari ana shule pale mjini yenye jina lake. Mnaoona jina la wapagazi ni aibu, je, Jumamosi mnanunua wapi viatu? Kariakoo. Hilo ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, lililopita midomoni mwetu likawa letu. Jiji lote linajivunia Kariakoo na hakuna anayecheka.

Katika vita ile baba yake bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakuulizwa bei, na hapo ndipo tofauti na zile safari za ujira ilipo. Bibi anasema alirudi na bega moja limeshuka, na mpaka anakufa hakuweza kulalia upande ule. Hana kaburi lenye jiwe wala jina katika kitabu chochote nilichosoma, na chuo nimesoma miaka mitatu.

Mhariri akatutawanya, gazeti lilikuwa linachelewa. Asubuhi nikafungua ukurasa wenyewe. Ndege imetoka vizuri, inang'aa. Kule pembeni kulikuwa na kijana amebeba begi kubwa begani, nilimwona kwenye picha ya awali. Walipoipunguza ili ienee ukurasani, wamebakiza mkono wake tu.