Muuza Nyanya Ana Katiba Yake

Jeneza la shangazi yangu lilikaa Kaloleni saa mbili nzima likimsubiri mheshimiwa. Mchungaji alikuwa ameshamaliza ibada. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wameshaegemeza majembe kwenye mkorosho na kuanza kutaniana kwa sauti ya chini. Ndipo magari matatu yakaingia uani kwa kasi, vumbi likatufunika sote, wafiwa na marehemu.

Mheshimiwa akapewa kipaza sauti. Pole alizitoa kwa sentensi moja, na jina la shangazi akalikosea. Kisha akahamia kwenye jambo lililomleta. Kuna mashirika, akasema, yanazunguka vijijini yakiwadanganya watu kwamba mwananchi anaweza kukusanya sahihi akabadilisha katiba. Tusiyasikilize. Katiba si nyanya kwamba kila apitaye aiminye aone kama imeiva. Tuwaachie wenye kazi yao.

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi, maana bahasha ya rambirambi ilikuwa bado haijatoka mfukoni. Mimi nilikuwa nakitazama kile kisanduku cha mbao. Aliyelala ndani yake aliuza nyanya soko la Mariakani tangu sijaanza shule.

Nimejaribu kulisahau neno hilo, nimeshindwa. Laiti lingekuwa la mheshimiwa peke yake. Lakini ndilo ninalolisikia kwenye matatu, kwa kinyozi, kanisani, na kwa mabingwa wa runinga wenye shahada tatu: kwamba mwananchi wa kawaida ni mtu mzuri, mchapakazi, mcha Mungu, ila katiba imemzidi kimo. Imani hii ni kongwe. Rais Daniel arap Moi anakumbukwa kwa kuuliza, katika miaka ya tisini watu walipodai kushirikishwa katika kuandika katiba, kwani Wanjiku anajua nini kuhusu mambo hayo. Wakenya wakalichukua tusi wakalifanya jina la heshima, na Wanjiku akawa mwananchi mwenyewe. Katiba ikaja, ikapitishwa kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia 67. Ibara yake ya kwanza inasema mamlaka yote ni ya watu, na kwamba watu wanaweza kuyatumia wao wenyewe moja kwa moja au kupitia waliowachagua. Njia zote mbili. Waheshimiwa wetu wamesoma ile ya pili tu, kama mtoto aliyetumwa mkate na maziwa akarudi na mkate akidai ndio aliousikia.

Ile ya kwanza ndiyo iliyozaa Ibara ya 257. Haina uchawi. Raia wakipata sahihi za wapiga kura milioni moja waliosajiliwa, wanaweza kupendekeza marekebisho ya katiba bila kumwomba mbunge ruhusa. Tume ya uchaguzi, IEBC, inathibitisha sahihi. Mabunge ya kaunti yanapewa miezi mitatu, na lazima 24 kati ya 47 yaunge mkono. Kisha Bunge. Na kama jambo lenyewe linagusa mihimili kama mamlaka ya watu, muhula wa rais au ugatuzi, wananchi wote wanalipigia kura. Milango yote hiyo! Halafu mtu anasimama kando ya kaburi la mamangu mdogo (kwetu shangazi na mama mdogo tuliwachanganya tangu utotoni, na yeye hakujali) anatuambia eti raia wanaminya nyanya.

Sasa niwaeleze kuhusu shangazi na katiba.

Alikuwa katibu wa chama cha kina mama wauza mboga. Kikundi kama hicho kikitaka kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, serikali yenyewe inakidai orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano, na katiba. Naam, katiba. Katiba ya shangazi iliandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye daftari la kurasa 200 lenye jalada gumu. Ina masharti ya kuingia na ya kutoka. Ina faini ya kuchelewa mkutano, faini ya simu kulia mkutanoni, na faini kubwa kuliko zote ya kumsema mwanachama sokoni. Inasema nani atashika fedha na ataondolewaje akizila.

Na imerekebishwa mara mbili. Mara ya kwanza bei ya jeneza ilipopanda, fedha za msiba zikawa hazitoshi. Mara ya pili ni pale mweka hazina alipomkopesha kaka yake fedha za chama bila kuwauliza wenzake. Walikaa mchana kutwa wakijadiliana, wakapiga kura, wakaandika kifungu kipya: fedha zikae kwenye sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo ulale nyumba tofauti. Mawakili wa Nairobi wanalipwa mamilioni kutueleza mgawanyo wa mamlaka. Kina mama wa Mariakani walinunua kufuli tatu dukani kwa Mhindi.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba muuza nyanya haelewi katiba, nitakuuliza: wewe uliwahi kuandika ipi? Mheshimiwa hajawahi. Alikuta moja imeshaandikwa, akaapa kuilinda, na tangu siku hiyo anatafuta upenyo. Na kuna jambo jingine linalonichoma. Huyu anayetuambia hatuna akili ya kuamua sentensi moja ya katiba ndiye alitusifu kuwa na hekima ya Suleimani siku tuliyomchagua. Kidole ni kile kile. Siku ya uchaguzi kikichovywa wino ni kidole cha mwerevu. Mwaka unaofuata kikitaka kushika kalamu kitie sahihi, kimekuwa kidole cha mjinga. Serikali ina alama ya kidole changu katika daftari la wapiga kura, wameipiga picha na kuihifadhi kwenye mitambo. Wanakijua vizuri sana. Wanachokiogopa ni kile kitakachoandika.

Wataniambia: mbona tumejaribu na haikufaulu? Vizuri, tuone ni nani aliyekwamisha.

Kampeni ya sahihi ya Okoa Kenya ilikuwa ya muungano wa CORD, yaani wanasiasa. Mwaka 2016 IEBC ikatangaza kwamba sahihi halali hazikufika hata 900,000, mambo yakaishia hapo. Wakubwa walishindwa kuhesabu hadi milioni moja, na somo tuliloambiwa tulipate ni kwamba mwananchi hajui hesabu.

Kisha ikaja Punguza Mizigo, ya chama kidogo cha Thirdway Alliance chake Ekuru Aukot, mtu aliyekuwa ndani ya kamati ya wataalamu iliyoandaa katiba yenyewe. Hawakuwa na helikopta. Julai 2019 IEBC ikathibitisha sahihi 1,222,541. Mswada wao ulitaka wabunge na maseneta wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, na wadi ndiyo iwe kitovu cha maendeleo. Unaweza kuukosoa, mimi mwenyewe sikupenda kila kilichomo. Lakini ulikwenda kwa mabunge ya kaunti, na kaunti nyingi zikautupa kama ganda la muwa. Wananchi zaidi ya milioni moja walisema tunalisha midomo mingi mno, na walioulizwa kama midomo ipunguzwe ni ndugu wa midomo yenyewe.

Halafu BBI, ule mpango wa maridhiano. Hapo ndipo mlipotuonyesha rangi zenu, waheshimiwa. Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walishikana mikono Machi 2018, na mwisho wa shughuli tukaletewa mswada wenye maeneo bunge mapya 70, ukivalishwa kanga ya mwananchi ili upite mlango wa mwananchi. Februari 2021, siku zile zile madiwani wakiwa wamepewa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, kaunti zaidi ya 40 zikaupitisha. Zile zile kaunti. Mswada wa kupunguza viti walihitaji kuutafakari sana hadi wakaukataa. Mswada wa kuongeza viti waliuelewa mara moja. (Kuhusu magari hayo: barabara ya kwetu kutoka lami hadi nyumbani kwa shangazi bado ina mashimo ambayo kuku hutagia. Diwani hayaoni, yuko juu sana siku hizi.)

Nani aliwazuia? Ni yale mashirika ya kudanganya watu vijijini. Wanaharakati wa Linda Katiba walikuwa miongoni mwa walalamishi waliokwenda kortini, mchumi David Ndii akiwamo. Kwamba Ndii baadaye aliingia Ikulu kuwa mshauri wa uchumi na ulimi wake ukabadilika, hilo nimeliwekea makala yake. Mahakama Kuu iliuzima mswada tarehe 13 Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia ya Ibara ya 257. Mlango ule ni wa raia. Bunge lina mlango wake; rais hana wake wa pekee.

Basi mtu anavunja mlango wa jirani, anakamatwa, halafu anakwenda matangani kutangaza kwamba milango ya majirani haifai.

Kuna lile shtaka jingine la mashirika kulipwa na wazungu. Nalipenda shtaka hili kwa sababu anayelitoa huwa amefika kwa gari la Kijapani, amevaa suti ya Kiitaliano, ametoka kwenye semina Dubai, na bajeti anayoipigia kura imejaa mikopo ya Washington. Fedha za kigeni zikimfikia yeye zinaitwa ushirikiano wa maendeleo. Zikilipia nauli ya kijana wa kumsomea bibi Ibara ya 257 kwa Kigiriama, ni njama ya mabeberu.

Na kuna wale wanaotetemeka kwamba raia wakipewa kalamu watajigawia hazina yote na kulala. Mwaka 2012 raia wa Uswisi, ambako sahihi 100,000 zinatosha kupeleka pendekezo la katiba debeni, waliulizwa kama wanataka kila mfanyakazi awe na likizo ya wiki sita kwa mwaka. Likizo ya bure, kwa kuweka alama tu kwenye karatasi. Theluthi mbili wakakataa. Nitajieni bunge moja katika Afrika Mashariki lililowahi kukataa marupurupu yake kwa theluthi mbili, nitawanunulia biriani Jumapili hii.

Dharau hii haina kabila wala rangi. Jimbo la Ohio, Marekani, wana haki kama yetu kwa zaidi ya karne moja. Agosti 2023 wanasiasa wao waliwaomba wapiga kura waikaze: marekebisho ya raia yasipite tena kwa wingi wa kawaida ila kwa asilimia 60. Ombi lenyewe, bila shaka, lingepita kwa wingi wa kawaida. Asilimia 57 wakawarudisha nyumbani.

Sisi hata hapo hatujafika. Ibara ya 257 ni ya katiba tu; sheria ya kawaida raia wa Kenya hana njia ya kuipeleka debeni, ana haki ya kuandika ombi kwa Bunge na kungoja. Mswada wa fedha wa mwaka 2024 watu waliupinga kwa barua, kwa simu, kwa maombi, na Bunge likaupitisha tarehe 25 Juni kama kwamba nje hakuna mtu. Uswisi ukiipinga sheria iliyopitishwa unatafuta sahihi 50,000 ndani ya siku 100. Hapa vijana walitafuta barabara, na wengine hawakurudi kwao. Siku iliyofuata rais akasema hatatia sahihi. Aliyewahi kusimama katika mazishi ya vijana hao na bado anatuambia sahihi za raia ni upuuzi, mimi sina la kumwambia.

Na mbunge wako ukitaka kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake? Ibara ya 104 inaruhusu. Wabunge wakaitungia sheria ya masharti mengi hivi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Katiba Institute na wenzao, ilivibatilisha vifungu kadhaa. Hadi leo hajarudishwa hata mmoja. Mweka hazina wa shangazi aliondolewa Jumatano moja, kabla ya magharibi.

Mheshimiwa alimaliza kwa kutuomba tusimsahau 2027, akainua kidole kutukumbusha, akapanda gari. Kaburini hakufika. Tulizika bila yeye, na udongo ulipokwisha kulazwa, kina mama wa chama wakajitenga kidogo, wakafungua lile daftari. Walisoma kifungu cha msiba, wakahesabu fedha mbele ya kila mtu, wakamkabidhi binamu yangu. Kisha wakasoma kifungu cha faini, kwa sababu katiba yao inasema anayechelewa mazishi ya mwanachama atalipa shilingi 200. Wawili walilipa pale pale. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani, kama kifungu hicho kinawahusu na wageni. Katibu mpya akafunua kurasa, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, akatikisa kichwa: kimeandikwa mwanachama tu.

Wakakubaliana walilete kwenye mkutano wa Jumatano.