Tamko la Wabunifu wa Michoro kuhusu Usaili wa Muda Mrefu na Majaribio Yasiyolipwa

Sisi wabunifu wa michoro, tuliokutana Dar es Salaam chini ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa waajiri na kwa mamlaka zinazosimamia ajira na hakimiliki.

1. Mwanachama wetu aliomba nafasi ya ubunifu katika kampuni binafsi ya vinywaji. Alihojiwa kwa simu, akaitwa ofisini mbele ya jopo, kisha akapewa jaribio la vitendo: lebo ya juisi ya ukwaju pamoja na bango la barabarani. Aliwasilisha. Akaitwa tena, akaelezwa kwamba rangi ya kijani imepooza na orodha ya viambato haisomeki kwenye chupa ndogo; arekebishe, na safari hii alete faili linaloharirika badala ya picha tu. Aliifanya kazi hiyo usiku, baada ya vibarua vinavyomlisha, kwa umeme na bando la fedha zake. Ukafuata usaili wa mkurugenzi, aliyeuliza yaleyale yaliyoulizwa kwenye simu ya kwanza. Akaambiwa atapigiwa. Hakupigiwa, barua pepe zake hazikujibiwa, na faili limebaki kwa kampuni.

2. Chama hakipingi usaili. Mwajiri ana haki ya kumpima anayetaka kumkabidhi kazi, na jaribio fupi juu ya bidhaa ya kubuni linatosha kuonyesha mkono wa mbunifu. Juisi ile, hata hivyo, ilikuwa ikiandaliwa kuingia sokoni, na marekebisho yaliyotakiwa ni yale ambayo mteja humwagiza mbunifu anayemlipa. Hapo usaili umekwisha na kazi imeanza, na kazi ina ujira. Wenzetu wa nje wameliona hili zamani: AIGA, chama cha wabunifu cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914, kimewatahadharisha wabunifu dhidi ya kazi za kubahatisha malipo.

3. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro tangu unapobuniwa, bila kungoja usajili. Mwombaji hajawa mwajiriwa. Kwa hiyo hakuna mwajiri awezaye kudai kwamba mchoro wa usaili ulifanywa ndani ya ajira yake. Kupokea faili hakumpi mtu haki ya kulitumia. Vivyo hivyo, vyeti na namba za simu za waliokosa nafasi vinaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

4. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inapowaita watu kwenye usaili, hutangaza tarehe na hatua: mchujo, vitendo, mahojiano. Msailiwa hujigharamia nauli na malazi, na huo ni mzigo mkubwa kwa anayetoka mbali, lakini walau anajua siku ya kufika. Haki hii ndogo ya kujua, ambayo haimgharimu mwajiri chochote, ndiyo inayokosekana katika kampuni nyingi binafsi.

5. Kwa hiyo Chama kinaazimia kama ifuatavyo. Wanachama hawatafanya jaribio juu ya bidhaa halisi ya mwajiri pasipo malipo yaliyokubaliwa kwa maandishi, wala hawatakabidhi faili linaloharirika kabla ya mkataba. Kila mwombaji atataka kuambiwa mwanzoni idadi ya hatua, msemaji wa mwisho na siku ya jibu, hata jibu likiwa ni kukosa. Mwanachama atakayeona mchoro wake wa usaili ukitumika bila idhini atasindikizwa na Chama mbele ya Ofisi ya Hakimiliki, na ikibidi mahakamani.

6. Wizara yenye dhamana ya kazi inaombwa kutoa mwongozo kwa waajiri binafsi juu ya majaribio ya usaili. Chama kiko tayari kuketi na wizara na waajiri kuuandaa. Maazimio ya aya ya 5 yanaanza kutumika leo, wala hayasubiri mwongozo huo.

Imetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.