Makanisa ya Kale Yana Upepo, ya Kwetu Yana Feni

Sisi tumerudi salama Unguja, miguu imevimba kidogo, na tuna neno la kusema.

Sisi tunaovuka bahari, Dar es Salaam hutupokea kwa kanisa. Boti ikishaingia bandarini, hujajua hata begi lako liko wapi, mnara wa Mtakatifu Yosefu umeshasimama mbele yako, ng'ambo ya barabara tu. Tumeuona miaka na miaka. Na miaka yote hiyo, tuseme kweli, tulikuwa tukiupita kama nguzo ya umeme: mpagazi anavuta begi, bodaboda anaita, akili iko Kariakoo kwenye vitenge.

Safari hii tulikwenda kwa sendofu ya mtoto wa mwenzetu, tukafikia Magomeni Mapipa. Sherehe ikaisha Jumamosi, boti ya kurudi ni Jumanne. Jumatatu asubuhi tukasema, leo hatuendi sokoni, leo tunakwenda kutazama makanisa. Mwenyeji wetu alicheka. Amezaliwa Magomeni, ameolewa Magomeni, na ndani ya makanisa yale ya mjini ameingia mara moja tu, kwenye harusi, na siku hiyo alikuwa anatazama magauni. Tukapanda naye mwendokasi, tukavuka bonde la Jangwani, tukashuka Posta ya Zamani.

Tulianza na Azania Front, kanisa la Walutheri lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kila mtu hulipiga picha kwa ajili ya mnara na paa lake jekundu la vigae. Sisi pia tulipiga, hatukatai. Lakini mmoja wetu, ambaye marehemu baba yake alikuwa fundi muashi, alituvuta mkono akasema, acheni mnara, tazameni juu ya madirisha. Juu ya madirisha kuna vipaa vidogo vya vigae, vimetokeza kama ukingo wa kofia. Kazi yake ni kuzuia jua lisipige ndani, na mvua ikinyesha huna haja ya kukimbilia kufunga. Watu waliotoka nchi ya baridi walijenga wakalikumbuka jua la Dar es Salaam. Hilo lilitukaa moyoni.

Kisha tukatembea kwa miguu hadi kwa Mtakatifu Yosefu. Kanisa hilo la Wakatoliki lilijengwa kuanzia 1897 hadi 1902, kwa mtindo wa Kigothi, na ndani yake kuna madirisha ya vioo vya rangi nyuma ya altare ambayo saa ile ya asubuhi yalitufanya tukae kimya. Sisi si watu wa kukaa kimya, mnatujua. Tulikaa kwenye mabenchi karibu nusu saa. Nje barabara ya Sokoine inachemka, honi, vumbi, jasho. Ndani pametulia na pana ubaridi, maana dari liko juu mno na joto linapanda huko likatuacha sisi chini tukipumua. Mwenyeji wetu alivua viatu akaweka miguu sakafuni. Akasema, "Mbona kwetu hatukai hivi?"

Mmoja wetu hakufurahi, na ni haki tuseme alichosema. Alisema hawezi kusifu kuta za Wajerumani. Kanisa limekwisha 1902, na Agosti 1905 askofu wa Dar es Salaam, Cassian Spiss, aliuawa katika vita vya Maji Maji. Vita vile vililetwa na kodi, pamba ya kulazimishwa na viboko. Waliouawa upande wetu nani aliwajengea mnara? Na mikono iliyobeba mawe ya kanisa hili, majina yao yako wapi?

Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha, na wala hatukutaka. Sisi tunatoka Unguja. Kanisa letu la Mkunazini limesimama penye soko la watumwa. Biashara ile ilipofungwa 1873 ndipo mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa, na Askofu Edward Steere akalisimamia jengo lile miaka mingi. Alipokufa 1882 akazikwa nyuma ya altare. Hatuingii Mkunazini bila kujua tunakanyaga wapi. Lakini kinachopendwa na kila mtoto wa Unguja aliyetembezwa mle ni zile nguzo ndogo karibu na kisima cha ubatizo. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, akarudi akakuta mafundi wameziweka kichwa chini miguu juu, naye akaziacha vivyo hivyo. Majina ya wale mafundi hatunayo, ila kosa lao limebaki, na kwetu sisi kosa lile ni saini. Tunasimama pale tukijua kuna mtu alikuwa hapa. Kwa hiyo tunamwambia mwenzetu: mawe yale ni yetu pia. Tukiyaacha kwa sababu ya aliyetoa amri, tunamwacha na aliyeyabeba.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike.

Jioni tulirudi Magomeni, tukaenda na mwenyeji wetu kanisani kwake kwa mazoezi ya kwaya. Jina la kanisa tunalihifadhi. Ni jengo dogo la zamani, kuta nene, matundu ya matofali juu chini ya paa, baraza upande mmoja ambako akina mama hukaa na watoto wachanga. Miaka michache nyuma kamati ilitengeneza: matundu yakazibwa kwa sababu yanaingiza vumbi, ikawekwa dari ya jipsamu chini kabisa, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Mnayajua yale. Ukifungua upande wa kulia umefunga wa kushoto. Halafu feni kumi. Mwenyeji anasema Jumapili umeme ukikatika katikati ya mahubiri, vitabu vya nyimbo vyote vinageuka vipepeo, na mama mmoja mtu mzima alishaanguka kwa joto wakambeba hadi barazani. Barazani ndiko kulikokuwa na hewa.

Na sasa kamati hiyohiyo imeleta mchoro wa kanisa jipya. Tumeuona, umebandikwa mlangoni. Ghorofa, mbele kote ni kioo cha bluu, baraza hakuna. Bahasha zimeshagawiwa, na anayejaza bahasha mnamjua: muuza vitumbua, mama wa genge, mjane wa mtaa wa pili.

Sisi hatupingi kanisa kukua. Watu wameongezeka, wanakaa nje kwenye turubai, na mvua za masika hazina huruma. Wala hatusemi kila kanisa la mtaa liwe na mnara na vioo vya rangi; fedha hizo hazipo na hazihitajiki. Tunachosema ni kwamba watu hupeleka macho yao Posta, wakastaajabia ukubwa, wakarudi mtaani wakaiga ukubwa peke yake. Kipaa juu ya dirisha ni vigae vichache. Matundu ya upepo ni matofali tu. Dari la juu kwa hesabu ya miaka ishirini ni rahisi kuliko feni kumi na bili ya umeme. Na baraza, jamani, nani anayeondoa baraza kwenye kanisa la Pwani? Ni mtu ambaye hajawahi kunyonyesha ibadani.

Hapo ndipo tulipouliza: kamati ya ujenzi ina wanawake wangapi? Hakuna. Wanaofagia, wanaopiga deki, wanaopamba maua Jumamosi na kujua jua linaingia dirisha lipi saa nne, hao wote hawamo.

Mwenyeji wetu ametupigia simu juzi. Kikao cha washarika ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Amepiga picha zile za Azania Front kwa simu yake, za vipaa, si za mnara, na amezungumza na akina mama wanne wakae naye safu ya mbele. Swali lake atakalouliza ni moja: hilo dirisha jipya, litafunguka kiasi gani?