Mashine ya Gemu Sebuleni kwa Katibu

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa safu ya mbele alinishika mkono akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba katibu wa kamati ya msikiti ameingiza dubwi nyumbani kwake. Swali halikunishangaza. Kitu kile kilishushwa kutoka kwenye kirikuu mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama: kabati lenye kimo cha mtu, kioo usoni, vitufe vyekundu na tundu la kutumbukizia sarafu. Mpita njia angedhani nini kingine?

Nilimjibu mzee wangu, na leo nawajibu na wengine waliobaki na dhana. Dubwi ni mashine ya kamari. Mtu hutumbukiza sarafu akitaraji kurudishiwa nyingi, na hukumu ya jambo hilo imekwisha kutajwa katika Surat al-Maida. Nchi yetu nayo inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inayomkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki, ingawa vitoto tunavyoviona vimeyazunguka madubwi hayo vinapungukiwa na meno ya utotoni. Kabati langu ni la gemu tu, la aina iliyojaa katika kumbi za michezo za Japani miaka ya 1980 na 1990. Mchezaji hulipia zamu yake, hucheza, hushindwa, akaenda zake. Hapati chochote isipokuwa alama kwenye kioo.

Sababu ya kulinunua si fahari. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka 11, alianza kuchelewa kurudi madrasa. Alisema wanarudia juzuu. Jioni moja nikamfuata, nikamkuta katika kibanda cha gemu, na hatua mbili kutoka alipoketi yalikuwepo madubwi mawili yakiwaka taa. Gemu lenyewe halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba aliitaja Qur'ani ili kunidanganya. Usiku ule mama watoto alisema neno ambalo sikuwa nalo: gemu lije nyumbani, tulione, tulipangie saa. Nami, kwa kupenda rahisi, nikaagiza Dar es Salaam kabati la mtumba kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba linawaka.

Lilifika likiwa maiti. Nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta mafundo ya nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe uliokauka, vumbi nene, na dalili zote kwamba panya waliwahi kuishi humo kwa raha. Waya wa kuingizia umeme ulikuwa umekatwa, ncha zake zikining'inia: mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja wa kijani.

Hapa nakiri kosa langu. Nimesoma usul-fiqhi miaka minne, nikajiona naweza kufanya kiyasi. Katika nyumba ya marehemu baba, iliyotandazwa nyaya zamani, waya mwekundu ulikuwa wa moto na mweusi ndio wa kurudishia. Basi nikakata shauri kwamba huu mweusi nao ni wa kurudishia, na mweupe, kwa kuwa hakubaki mwingine, ndio wa moto. Plagi nilikuwa nayo mkononi. Mama watoto akaniuliza, "Baba, fundi amesema hivyo?" Hakuna fundi aliyekuwa amesema lolote. Nikaweka bisibisi chini, kwa shingo upande.

Fundi aliyekuja kesho yake ni kijana aliyesomea umeme VETA, ndiye anayetengeneza spika za msikiti wetu. Kabla ya salamu kukamilika akauliza, "Ustadhi, umeshaiwasha?" Nikasema bado. Akahimidi. Kisha akanionyesha kibandiko kidogo nyuma ya kabati: volti 100. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Wangapi kati yetu wameunguza redio au jiko la wali la mtumba wa Japani kwa kutosoma kibandiko cha namna hii? Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme, nayo iwe na uwezo unaozidi matumizi ya mashine.

Jambo la pili ndilo lililonikausha mate. Katika utandazaji wa nyaya wa Japani, mweusi ndio wa moto na mweupe ndio wa kurudishia. Kiyasi changu kilikuwa kile ambacho masheikh wetu walikiita kiyasi chenye tofauti, kisichosimama. Ningezigeuza nyaya, na swichi ingekata njia ya kurudi huku moto ukibaki ndani. Mtoto angezima, taa zingezimika, naye angeamini mashine imelala. Lakini fundi hakuamini hata rangi hizo. Alisema kila aliyewahi kukarabati kabati lile huenda alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo, basi akaufuata kila mmoja kwa mita, mwanzo hadi mwisho, na kuandika alama kwenye karatasi. Nikaona ni mtu wa sanadi.

Kioo hakukigusa, wala hakumruhusu mtu kukisogelea kwa nyuma. Kioo cha zamani chenye tumbo, sawa na kile cha televisheni za miaka ile, hufanya kazi kwa volti 20,000 na zaidi, na huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Nawaomba wazazi mliweke hili akilini, kwa sababu watoto hufungua televisheni mbovu kutafuta sumaku ya spika.

Sehemu nyingine zilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Bodi ya gemu huunganishwa na kabati kwa kiungo chenye meno 56, 28 kila upande, mpangilio ambao watengenezaji wa Japani waliuafiki mwaka 1985. Ndiyo maana bodi ya kampuni moja huingia katika kabati la nyingine. Vitufe navyo vina siri moja. Kila kitufe kina waya wake wa kupeleka habari, lakini vyote huchangia waya mmoja wa pamoja unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe. Panya alikuwa ameutafuna baada ya kitufe cha pili, basi vyote vilivyofuata vilikuwa vimekufa pamoja bila ubovu wao wenyewe. Mwanangu ndiye aliyeliona pengo. Fundi akamkabidhi tochi, na tangu hapo sikumsikia kijana wangu akiulizia kibanda.

Ilibaki plagi ya ukutani. Sehemu ya mbele ya kabati ni bamba la chuma, nayo ndiyo mikono ya watoto inapolala, kwa hiyo fundi akataka kujua kama tundu la tatu la soketi yangu lina ardhi kweli. Mita ikasema iko. Akasema shahidi mmoja hatoshi. Akatuamuru sote tusiguse chuma chochote nyumbani, akaunga balbu kati ya waya wa moto na wa ardhini. (Msijaribu; ni kazi ya mwenye ujuzi.) Balbu haikuwaka. Uzi wake ukawa mwekundu hafifu kama kaa linalozimika. Fimbo yetu ya shaba ilikuwa fupi, na ardhi ya Dodoma mnaijua: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo udongo wa juu hukauka ukawa hauupokei umeme. Ardhi yangu ilikuwa ya jina. Tukachimba upya, fimbo ndefu hadi kwenye unyevu, tukaizungushia mkaa na chumvi. Balbu ikawaka sawasawa.

Fundi alipokuwa akikusanya vyombo vyake ndipo nilipokumbuka jambo, na mikono ikaniishiwa nguvu. Mwezi wa Ramadhani muadhini wetu alilalamika kikaoni kwamba mabomba ya udhu, pampu inapofanya kazi, "yanawasha mkono". Nililiandika mwenyewe katika daftari la kumbukumbu: kufuatiliwa. Vikao viwili vimepita tangu hapo. Tulijadili zulia, tukajadili rangi ya mimbari.

Nikamwomba fundi tupitie msikitini kabla ya Magharibi. Nyuma ya chumba cha pampu fimbo ya shaba ilikuwepo, lakini waya uliopaswa kuifikia haukuwepo. Umekatwa, na kwa hakika umekwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu. Lini, hakuna ajuaye. Ndani ya muda huo wote wazee na watoto wa madrasa walisimama pale miguu mitupu ndani ya maji, mara tano kwa siku. Tulizima pampu saa ileile, tukatia udhu kwa ndoo na makopo siku nne, na kunung'unikiwa kulikuwepo kwa kutosha. Sasa imefungwa waya mpya ndani ya bomba la plastiki, pamoja na swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Gharama nimeisoma kikaoni, na pamoja nayo nikasoma lile neno "kufuatiliwa" na tarehe yake, ili kamati ijue ni mkono wa nani ulioliandika na kuliacha.

Kabati linafanya kazi. Tundu la sarafu nimeliziba kwa ubao. Fundi alipendekeza tulifufue tuwatoze watoto wa mtaa shilingi mia mia, na kifiqhi hiyo ni ijara isiyo na tatizo, ila sitaki mwanangu azoee mlio ule wa sarafu. Zamu ni baada ya Alasiri, dakika 30, siku zisizo na madrasa. Mzee wa safu ya mbele alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Akacheza mara moja, akashindwa upesi, akaomba tena. Kitufe cha sita bado hakiitiki. Fundi atakuja Jumapili, na mlango wa nyuma nimeufunga kwa kufuli, ufunguo anao mama watoto.